Nyumba na Shule: Habari ya Mtihani wa Darasa la Saba na Upimaji Mpya

Mwezi huu ukurasa wetu ni wa mitihani ya watoto, kwa kuwa barua nyingi zimetufikia juu ya jambo hili, nasi tumeona ya kuwa wazazi wengi wamesikia habari nusu, na nusu iliyobaki wamejijazia wenyewe.

Katika barua hizo tumechagua moja, maana ndani yake mna maswali ya wengi. Mama mmoja ameandika hivi: "Nina watoto wawili katika shule ya msingi. Kaka alikuwa Darasa la Nne mwaka 2024, na mdogo wake alikuwa Darasa la Tatu. Sasa twaambiwa watamaliza mwaka mmoja na kwenda sekondari pamoja. Je, mkubwa amerudishwa nyuma, au mdogo amerukishwa? Tena baba yao asema, ikiwa mtihani umefutwa, hakuna haja tena ya kuwahimiza watoto kusoma. Naomba mtusaidie, maana mimi nashindwa kumjibu."

Twamshukuru mama huyu. Tutamjibu yeye, na baba wa watoto pia, na kwa njia hiyo tutawajibu wengine waliouliza mambo hayo hayo. Lakini kwanza yafaa tukumbuke mtihani huu ulitoka wapi, kwa kuwa mtu asiyejua sababu ya jambo hawezi kujua kwa nini linabadilika.

Wazee wetu waliosoma zamani za Waingereza wanaukumbuka mtihani wa Darasa la Nne. Mtoto alisoma miaka minne, akafanya mtihani, na watoto wengi wakaishia hapo. Hawakuishia hapo kwa kukosa akili, bali kwa sababu madarasa ya juu yalikuwa machache mno. Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere akaandika habari ya Elimu ya Kujitegemea. Shule ya msingi ikawa ya miaka saba. Mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania, na mwezi wa Novemba 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma ukaazimia ya kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi.

Hata hivyo nafasi za sekondari zilibaki chache. Watoto waliomaliza Darasa la Saba walikuwa wengi kama mtama uwanjani, na shule za sekondari zilikuwa kama kibuyu kimoja. Basi mtihani wa Darasa la Saba ukawa ungo wa kupepetea. Kazi yake kubwa haikuwa kuwaambia wazazi kama mtoto amejifunza, bali kuchagua wachache wa kuendelea. Ndiyo maana wazazi wengi wa leo, wakisikia neno "mtihani", mioyo yao hushtuka: wanakumbuka siku ile majina yalipobandikwa ukutani, na wao wenyewe wakayatafuta majina yao wasiyaone.

Mambo hayo yalianza kulegea tangu mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Ninyi wenyewe mnakumbuka jinsi mlivyosomba mawe na mchanga na kufyatua matofali kwa ajili ya sekondari za kata. Kisha tangu Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali, tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Mlango ukapanuka. Katika mtihani wa mwaka 2024 waliofaulu walikuwa zaidi kidogo ya watoto 80 katika kila 100, nao wote walipangiwa shule ya sekondari. Basi ungo ule wa zamani umekwisha kuwa na matundu mapana; lakini bado katika kila watoto 100 kuna karibu 20 wanaoambiwa, kwa kazi ya siku mbili za mwezi wa Septemba, ya kuwa shule yao imekwisha.

Tuliona pia ya kwamba mtihani waweza kupima vibaya. Mwaka 2012 watoto walianza kujibu kwa kusiliba herufi katika karatasi inayosomwa na mashine. Kazi ya kusahihisha ikawa nyepesi, walakini manung'uniko yakazuka, maana mtoto asiyejua jibu aweza kubahatisha, na mara nyingine bahati humpata. Katika miaka ile walionekana vijana waliochaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza nao hawawezi kusoma barua. Walimu wa sekondari walistaajabu, na wazazi walistaajabu zaidi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kufanya karamu ya kufaulu.

Basi sasa tuje kwenye mambo mapya.

Serikali imeitengeneza upya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, nayo huitwa toleo la mwaka 2023. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua huko Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025. Katika sera hiyo elimu ya lazima ni miaka kumi: miaka sita ya shule ya msingi, na miaka minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024 katika elimu ya awali, na katika Darasa la Kwanza na la Tatu. Ndiyo maana watoto wenu wameleta nyumbani majina mapya ya masomo, kama Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo. Na Kiingereza, ambacho zamani kidogo kilianza Darasa la Tatu, sasa huanza Darasa la Kwanza.

Hapa twaweza kumjibu mama yetu swali lake la kwanza. Twawaomba wasomaji wafuate hesabu hii polepole, kila mtu akimwangalia mtoto wake.

Mtoto aliyekuwa Darasa la Nne mwaka 2024, au mbele ya hapo, ni wa mtaala wa zamani. Atasoma miaka saba, naye atafanya mtihani wa Darasa la Saba kama kaka na dada zake waliotangulia. Wa mwisho katika hao watamaliza mwaka 2027.

Mtoto aliyekuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 ni wa kwanza katika mtaala mpya. Atasoma miaka sita tu, naye atamaliza Darasa la Sita mwaka huo huo wa 2027.

Mtoto aliyekuwa Darasa la Pili mwaka 2024 aliingia mtaala mpya alipofika Darasa la Tatu mwaka 2025, naye atamaliza mwaka 2028. Na aliyeanza Darasa la Kwanza mwaka 2024 atamaliza mwaka 2029.

Basi, mama, mtoto wako mkubwa hakurudishwa nyuma, wala mdogo hakurukishwa darasa. Mkubwa anapanda ngazi ya vidato saba, mdogo anapanda ngazi ya vidato sita, na mwaka 2027 wote wawili watafika juu. Mwezi wa Januari 2028 wataingia Kidato cha Kwanza pamoja. Twaandika kama mpango ulivyo. Ukibadilishwa, tutawapasha habari.

Sasa swali la pili: je, mtihani umefutwa? Kwa watoto wa mtaala wa zamani, la, haujafutwa. Utaendelea hata hao wa mwisho wamalize. Watoto hao hufanya masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, na jumla ni alama 300. Mwenye alama 241 na kuzidi hupata A; tangu 181 hata 240 ni B; tangu 121 hata 180 ni C; tangu 61 hata 120 ni D; na walio chini ya hapo hupata E. Mwenye A, B au C huhesabiwa kuwa amefaulu. Mzazi ambaye mtoto wake yumo katika kundi hili asidanganyike na maneno ya njiani akalegeza kamba, maana mtoto huyo bado ana ungo mbele yake.

Kwa watoto wa mtaala mpya, mwisho wa Darasa la Sita utakuwa na upimaji. Wengi huuliza, upimaji na mtihani si kitu kimoja? Watoto watakaa madawatini, watapewa karatasi, watajibu. Tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika kazi inayofanywa na majibu yale. Mama wote wanaujua mzani wa kliniki. Muuguzi humning'iniza mtoto, hutazama kilo, kisha huandika katika kadi. Mtoto akionekana mwepesi, muuguzi hamfukuzi wala hamwambii mama asirudi tena. Humwuliza mtoto anakula nini, humshauri aongeze karanga katika uji, na kumpa siku ya kurudi. Mzani haukuwekwa pale kuchagua watoto wa kuishi, bali kuonyesha nani anahitaji kusaidiwa, na mapema. Upimaji unakusudiwa kuwa hivyo. Kwa kuwa miaka kumi ni ya lazima, matokeo ya Darasa la Sita hayakusudiwi kumfungia mtoto mlango wa sekondari.

Tena mzani huu haumngojei mtoto Darasa la Sita. Darasa la Pili hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Darasa la Nne hufanya Upimaji wa Kitaifa kila mwaka, na wale wa kwanza wa mtaala mpya waliufanya mwezi wa Oktoba 2025. Katika upimaji wa Darasa la Nne mtoto aliyepata A, B, C au D huhesabiwa kuwa amefikia kiasi cha kuendelea Darasa la Tano. Lakini, wazazi, sikieni neno hili: D ya Darasa la Nne si jambo la kufurahia na kusahau. Ni kama kilo zilizo karibu na mstari mwekundu wa kadi. Mtoto amepita, lakini amepita akichechemea.

Hapo ndipo lilipo jibu la baba wa watoto, aliyesema kwamba kama mtihani umeondoka hakuna haja ya kuwahimiza. Ndugu yetu, twakuheshimu, lakini twaona mambo ni kinyume cha hayo. Zamani mzazi aliyesahau kumwangalia mtoto aliamshwa na mtihani wa Darasa la Saba. Alichelewa kuamka, lakini aliamshwa. Sasa kengele hiyo inaondolewa. Mtoto asiyejua kusoma aweza kupita Darasa la Nne kwa kuchechemea, akapita la Tano, akapita la Sita, kisha akaingia Kidato cha Kwanza, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Huko atakaa nyuma ya darasa asielewe neno. Na mwisho wa miaka ile kumi mtihani wa Kidato cha Nne upo pale pale. Basi ungo haukutupwa, umesogezwa mbele. Baba asiyeangalia sasa atakuja kujua habari ya mtoto wake akiwa kijana wa miaka kumi na sita, naye wakati wa kumsaidia umekwisha kupita.

Lakini kuna jambo jingine katika habari hii ya mtihani, nalo ni zito, wala hatuwezi kulipita kimya.

Twamjua mwanamke mmoja katika mkoa wetu. Hatutataja jina lake wala kijiji chake. Alipokuwa mtoto, darasani hakuwa mtu wa kushika nafasi ya tatu; alikuwa wa kwanza au wa pili. Jioni kabla ya mtihani wa Darasa la Saba baba yake alimwita nyuma ya zizi, akamwambia, "Kesho jibu upendavyo, ila usiliandike jibu unalolijua." Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Binti alikuwa amefundishwa kumtii baba, naye akatii. Alikaa katika chumba cha mtihani siku mbili, akasoma kila swali, akalijua jibu lake, akachagua jingine. Matokeo yalipokuja mwalimu mkuu hakuamini. Alikwenda nyumbani kuuliza, akaambiwa ya kuwa mtoto aliumwa kichwa. Miaka mingi imepita, na mwanamke huyo sasa ana watoto wakubwa. Tulipomwuliza habari ya siku zile hakumlaumu baba yake, wala hakulia. Alisema tu, "Majibu niliyajua."

Wapenzi wasomaji, huyu si mmoja. Walimu wetu wanajua, na wazee wa mitaa wanajua, ya kuwa wako watoto walioagizwa washindwe, wasichana kwa ajili ya mahari na wavulana kwa ajili ya kuchunga. Baba aliuona mtihani ule kuwa mlango wa kumtolea mtoto shuleni pasipo kushtakiwa, aliweza kusema, "Si mimi, ni serikali iliyosema hakufaulu." Sasa mlango huo unafungwa. Mtoto akijibu vibaya Darasa la Sita, bado yampasa kwenda Kidato cha Kwanza, na wazazi wake bado yawapasa kumpeleka. Tena sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na adhabu ya kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Na binti aliyekwisha kupatwa na mimba, tangu mwezi wa Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua.

Hata hivyo tusijidanganye. Mwenye nia mbaya akifungiwa mlango mmoja hutafuta mwingine, nao ni utoro. Mtoto huandikishwa Kidato cha Kwanza, huonekana juma moja, kisha hupelekwa kwa shangazi, au machungani, au mjini kufanya kazi za nyumbani. Karatasi haziwezi kuzuia jambo hili. Huzuiwa na jirani anayeuliza, "Binti wa fulani yu wapi, mbona hatumwoni njiani asubuhi?" Basi kila nyumba inayosoma ukurasa huu na iwe jirani wa namna hiyo. Twajua kuuliza hivyo huleta ugomvi mara nyingine. Walakini ugomvi wa siku tatu ni mwepesi kuliko majuto ya mtu mzima anayesema majibu aliyajua.

Sasa tuseme habari ya mambo ambayo mzazi aweza kuyafanya nyumbani, hata yule asiyejua kusoma.

Kwanza, mpime mtoto mwenyewe. Mtoto wa Darasa la Tatu mpe ukurasa huu akusomee kwa sauti mistari mitano. Akisoma kama mtu atembeaye gizani, akipapasa kila silabi, umekwisha kujua. Kisha mwulize, "Umesoma habari gani?" Asipoweza kueleza, hakusoma bali ametamka tu. Katika hesabu usimwulize ya daftarini; mwulize ya nyumbani: "Gunia moja la alizeti lina kilo 60; tukiuza magunia matatu, tumeuza kilo ngapi?" Ukiwa hujui kusoma, msikilize tu. Sikio la mama hutambua mtoto anayebabaika.

Pili, nenda shuleni kabla hujaitwa. Wengi wetu huenda shuleni kwa sababu tatu: kuandikisha, kutoa mchango, na mtoto akipigana. Nenda siku ya kawaida, umwulize mwalimu mambo matatu: mtoto wangu anasoma namna gani kwa umri wake, katika somo lipi anasumbuka, na mwezi huu amekosa siku ngapi. Hilo la mwisho laweza kukushangaza, maana wako watoto wanaotoka nyumbani kila asubuhi na hawafiki.

Tatu, ukipata matokeo, yasome pamoja na mtoto bila fimbo. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya D hujifunza kuficha karatasi, hajifunzi kuhesabu. Wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Hata Baraza la Mitihani lenyewe, mwezi wa Januari 2023, lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne, halikutangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kama ilivyokuwa desturi. Ikiwa Baraza limeacha kuwapanga watoto kama mashindano ya baiskeli, sisi nyumbani twafanya hivyo kwa faida gani?

Nne, mpe mtoto nafasi. Msichana anayerudi saa kumi jioni, akaenda kisimani, akasaga, akapika, akaosha vyombo, kisha akaambiwa ashike daftari saa tatu usiku, hatasoma; atasinzia. Mgawieni kaka yake kazi moja katika hizo. Haitampunguzia uanaume wake.

Tano, jiandaeni kwa Januari 2028. Mwezi huo makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja, la Darasa la Saba na la Darasa la Sita. Nyumba kama ya mama yetu itanunua sare mbili, madaftari mara mbili, na viatu jozi mbili. Ada haipo, lakini vitu hivi vipo, na bei yake haingojei mavuno. Anzeni sasa kidogo kidogo: mbuzi mmoja asiuzwe kwa sherehe, debe chache za vitunguu ziwekewe jina la shule. Na katika mikutano ya kijiji ulizeni mapema madarasa yatakuwa mangapi, na madawati, na vyoo. Msingoje mtoto akakae chini ndipo mwite mkutano.

Tena liko jambo la umbali. Mtoto anayeanza shule na miaka sita atamaliza Darasa la Sita akiwa na miaka kumi na miwili hivi. Shule ya msingi ilikuwa karibu na nyumba. Sekondari ya kata yaweza kuwa safari ya saa nzima au zaidi, kupita mabonde na mapori. Mtoto mdogo hivyo, hasa wa kike, haifai atembee peke yake alfajiri. Wazazi wa kitongoji kimoja na wapange watoto waende kwa kundi, na mtu mzima mmoja awasindikize kwa zamu. Ikiwa kuna bweni, liangalieni kwa macho yenu kabla ya kumpeleka mtoto. Na ikiwa mtalazimika kumpangishia chumba karibu na shule, jueni ya kuwa chumba cha kupanga kisicho na mtu mzima kimeharibu watoto wengi.

Mwisho twasema neno na walimu, ambao pia ni wasomaji wetu wa siku nyingi. Ndugu walimu, twajua mzigo wenu. Miaka mingi mmepimwa kwa idadi ya waliofaulu Darasa la Saba, na kwa ajili hiyo darasa lile lilipewa mwalimu hodari, kambi ya kujisomea, na maswali ya miaka iliyopita asubuhi na jioni, na huku Darasa la Kwanza likabaki na watoto wengi na kitabu kimoja. Ikiwa mambo haya mapya yataleta faida yo yote, faida itaanzia kule chini. Mpeni mwalimu hodari watoto wadogo. Na upimaji wa Darasa la Pili na la Nne ukitoka, msiufungie kabatini. Waiteni wazazi, mmoja mmoja, mkawaeleze kwa Kiswahili chepesi kilichoonekana. Mzazi akiitwa ili aelezwe, si ili alaumiwe, atakuja tena.

Mama uliyetuandikia, twatumaini umepata la kumjibu mwenzako. Lakini usimjibu kwa maneno peke yake. Jioni hii, baada ya chakula, mwambie akae, umpe mtoto mdogo ukurasa huu, amsomee baba yake mistari mitano. Kisha msikilize baba atakavyosema.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika juu ya Kiingereza cha Darasa la Kwanza, na namna mzazi asiyekijua awezavyo kumsaidia mtoto. Wenye maswali watuandikie mapema. Kaeni salama.